SOMO: MTU WA KARATASI NA MTU WA NGUMI



Mwezi uliopita, katika saa ya kuongea juu ya kazi za mbele, niliomba mwaka wa tano kila mmoja aandike kwenye kipande cha karatasi kazi anayotaka kufanya akimaliza shule. Wengi waliandika munganga. Wengine avoka. Wawili pasta. Mmoja aliandika "kuuza almasi Kisangani", naye nilimrudishia karatasi aongeze sababu. Lakini karatasi moja ilikuwa na neno moja tu, limeandikwa halafu limefutwa kwa kalamu, mpaka karatasi ikatoboka. Nikaiinua kwenye dirisha, nikasoma: arshitekti.

Nikamwita mwenyewe kando. "Mwana, juu ya nini umefuta?"

Akaangalia chini. "Mwalimu, mimi nimerudia kalasi mara mbili. Na mambo yangu na mkubwa wa nidhamu, unayajua. Ile kazi iko ya watu wenye akili."

Siku ile sikuwa na jibu zuri. Hili somo njo jibu langu, na ninaliandika kwa wote kwa maana najua hayuko peke yake.

Kwanza tuelewane juu ya neno. Mwashi anapanga matofali. Seremala anatengeneza paa na milango. Arshitekti ni yule anayefikiri nyumba nzima mbele ya tofali la kwanza: jua litaingia wapi, maji ya mvua yatakimbilia wapi, watu wanaobeba mgonjwa watapita mlango gani. Anapima, anachora, na wengine wanajenga kwa kufuata alichochora. Hapa Ubundu tunapita kila siku mbele ya kazi za watu wa namna hiyo bila kuuliza. Reli ya kwetu kwenda Kisangani, kilometa 125, ilimalizika mwaka 1906, juu mashua haziwezi kupita maporomoko saba ya Boyoma. Ilipokuja reli, zikaja na gare na magazini na nyumba za matofali, wakati mji huu ungali unaitwa Ponthierville. Tena kule kwenye poromoko la mwisho, Wagenia wanasimamisha miti mikubwa ndani ya matundu ya mawe, katikati ya maji makali, na kutundika vikapu vyao vya samaki. Hakuna aliyewapa dipuloma. Lakini siku moja simama pale uangalie vizuri, kisha uniambie kama ile si hesabu.

Basi, mtu wa kwanza.

Aliitwa Bodys Isek Kingelez. Ni mtu wa inchi yetu, ingawa si wa upande wetu. Alizaliwa mwaka 1948 katika kijiji cha Kimbembele Ihunga, upande wa Bandundu, magharibi. Wazazi wake walikuwa wakulima. Mwaka 1970, alipomaliza sekondari, akaenda Kinshasa, kama vijana wengi wa wakati ule. Akasoma kidogo, akawa mwalimu wa sekondari, sawa na mimi.

Wale walioona Kinshasa ya miaka ile wanakumbuka namna ilivyokuwa. Inchi ilikuwa imechukua jina la Zaire tangu 1971. Serikali ilijenga vitu vya kushangaza macho, kama ule mnara wa Limete unaopita mita 200. Na kando ya vitu hivyo watu wengi walikuwa wanajenga wenyewe, kila mmoja kwa feza yake ya wiki, bila njia za kupitisha maji, bila mpango. Mji mmoja, na ndani yake miji miwili. Kijana wa kijijini mwenye macho hawezi kutembea katikati ya vitu viwili vya namna hiyo bila kujiuliza maswali.

Karibu na mwisho wa miaka ya 1970, Kingelez akaacha kazi ya kufundisha. Hapa njo mahali pa taabu yake. Hakuwa mwizi, hakuwa mlevi. Lakini aliacha mshahara akabaki nyumbani, na kichwa chake, kama alivyoeleza mwenyewe baadaye, kilikuwa kama cha mtu mwenye homa. Alijiuliza afanye nini cha kusaidia inchi yake. Na wazo moja likamshika lisimwache: apate makasi, wembe, gundi na karatasi.

Simameni hapa kidogo. Ingekuwa kaka yenu, mngesema nini? Mwalimu, mtu mzima wa miaka thelathini, amejifungia ndani anakata karatasi. Mimi najua familia yangu ingesema nini. Wangemwita pasta aje kumwombea.

Alichokata kikawa nyumba. Nyumba ndogo ya karatasi, lakini yenye orofa, madirisha, ngazi na rangi, imekamilika pande zote. Akaibeba mpaka kwenye jumba la makumbusho la taifa, pale Kinshasa, lile ambalo lilikuwa chini ya Institut des Musées Nationaux. Wakubwa wa pale wakaiangalia. Kisha wakamwangalia yeye. Na hawakuamini. Wakawaza kwamba kitu kizuri namna ile, mtu huyu asiye na jina amekiiba mahali.

Sasa sikilizeni walichofanya, juu hapo njo moyo wa somo letu. Hawakumfukuza. Walimwambia atengeneze kingine, mbele yao. Akakaa, akakata, akabandika, nao wakiona kwa macho. Nyumba ya pili ikatoka. Wakampa kazi.

Kazi yenyewe haikuwa ya kujenga miji. Ilikuwa ya kutengeneza vitu vya zamani vilivyoharibika: vinyago vilivyopasuka, sanamu zilizoliwa na wadudu. Alifanya hivyo miaka kadhaa, mpaka katikati ya miaka ya 1980. Mimi nafikiri ile miaka ilikuwa shule yake. Mtu anayetengeneza kinyago kilichovunjika anajifunza kila ungio namna lilivyofungwa na yule fundi wa kwanza.

Hapa lazima nisimulie jambo langu mwenyewe, na si zuri. Miaka mingi iliyopita, katika shule nyingine niliyofundisha mbele ya kuja hapa, kijana mmoja aliniletea mchoro wa nyumba. Ulikuwa umepimwa, na vyumba vyote vinaonekana kutoka juu. Kijana mwenyewe alikuwa wa mwisho katika kalasi, tena mgomvi. Nikamwambia: "Hii umenakili kwenye buku. Nenda ulilete hilo buku." Akasema hakuna buku. Nikampa sifuri na kumwandika kwa uongo. Sikumpa karatasi na kumwambia: kaa hapa, chora nyingine. Dakika ishirini zingenitosha kujua. Baada ya wiki mbili hakuonekana tena shuleni, na wenzake wakasema yuko anabeba mizigo kwenye bandari. Pengine angeacha masomo hata bila mimi. Sijui, na kutojua kule hakujaniacha. Ninaandika hili hapa juu hata walimu wanasoma gazeti hili.

Turudi kwa Kingelez. Alipoacha kazi ya makumbusho alifanya maketi zake tu. Maketi ni mfano mdogo wa nyumba au mji, ule ambao arshitekti anauonyesha mbele ya kujenga. Vitu vyake alivipata mahali ambapo sisi tunatupa: karto za sabuni na sigara, vifuniko vya chupa, mikebe ya soda, plastiki, karatasi za rangi. Lakini msifikiri ilikuwa kazi ya ovyo. Kila pembe imekatwa sawasawa, kila mstari umenyooka. Ukiangalia picha zake hutaona gundi iliyovuja. Mwanafunzi anayeniletea ramani ya Afrika imejaa vidole vya wino akumbuke hilo.

Mwaka 1989 kazi zake zilionyeshwa Paris, katika maonyesho makubwa yaliyoitwa Magiciens de la Terre, na tangu hapo dunia ikamjua. Mwaka 1991 alitengeneza maketi ya hospitali kubwa ya wagonjwa wa SIDA, wakati watu wengi walikuwa bado wanaona haya hata kutaja ugonjwa huo. Mwaka 1994 akachukua kijiji chake, Kimbembele Ihunga, akakifanya mji wa karatasi wenye urefu wa mita 3 na zaidi: stade ya mpira, banki, migahawa, maghorofa marefu ya rangi nyekundu na njano na kijani. Mwaka 1996 akatengeneza Ville Fantôme, karibu mita 6, mji ambao alisema hauna polisi, hauna askari, wala munganga, juu hakuna anayehitaji kulindwa wala kutibiwa. Mwaka 1997 akaiwazia upya Kinshasa yenyewe, ile ya miaka elfu ya tatu. Ule mwaka sote tunaukumbuka kwa mambo mengine: vita ilipita hapa kwetu, wakimbizi wa Rwanda walikufa kando ya reli yetu, na inchi ikabadilisha jina tena. Yeye alikuwa Kinshasa, anabandika madirisha.

Alikufa Kinshasa mwezi wa tatu 2015. Mwaka 2018 jumba kubwa la sanaa ya kisasa la New York lilionyesha kazi za maisha yake yote.

Nilipofundisha haya kwa mdomo katika mwaka wa nne, msichana mmoja aliinua mkono. "Mwalimu, lakini ndani ya ile miji nani analala?"

Kalasi ilicheka, lakini swali lake ni la kweli. Hakuna anayelala ndani. Kingelez hakujenga hata jiko. Wengine wanamwita arshitekti, wengine msanii, na mimi nafikiri alikuwa msanii aliyetumia lugha ya maarshitekti. Miji yake haina mahali ambapo maji machafu yanakwenda, na mji bila mfereji tunaujua hapa unavyonuka wakati wa mvua. Basi kama nataka kumjibu yule kijana aliyefuta neno lake, nahitaji mtu wa pili: mtu ambaye ujana wake ulikuwa mbaya kuliko huo, asiyeingia universite, na ambaye nyumba zake watu wanalala ndani. Sikumpata karibu. Nimempata mbali sana, Japani.

Anaitwa Tadao Ando. Alizaliwa Osaka mwaka 1941, wakati wa vita. Alikuwa pacha, ndugu yake alibaki kwa wazazi, na yeye akalelewa na bibi yake. Kartie yao ilikuwa ya mafundi: wa mbao, wa vioo, wa chuma. Shuleni hakufanya vizuri. Lakini baada ya shule alikuwa anashinda katika karakana ya seremala, ng'ambo ya barabara, akishika mbao. Alipokuwa kijana mdogo, seremala alikuja kuongeza orofa kwenye nyumba ya bibi yake. Wakafungua paa. Ndani ya nyumba ile, ambayo siku zote ilikuwa na giza, jua likashuka kwa mara ya kwanza. Ando amesimulia mara nyingi kwamba hakuisahau siku ile, wala yule seremala aliyefanya kazi bila kukumbuka chakula.

Mngefikiri kuanzia hapo njia yake ilinyooka. Hapana. Akiwa na miaka 17 alichukua ruhusa ya kupigana ngumi kwa malipo. Alipigana kwao Japani, alipigana mpaka Thailand, kijana peke yake na mfuko wake. (Najua wale watatu wa dortuari ya pili wamefurahi hapa. Ngojeni.) Siku moja bondia mkubwa, Fighting Harada, ambaye baadaye alikuwa bingwa wa dunia, alikuja kufanya mazoezi mahali pale pale. Ando akamwangalia. Akaona mbio zake, nguvu zake, pumzi yake, na akaelewa kwamba yeye hata akifanya mazoezi maisha yote hatafika pale. Akaacha.

Mimi naheshimu ile siku kuliko ushindi wake wote wa ngumi. Vijana wengi wanaona ukweli wa namna hiyo na wanaukasirikia. Yeye aliukubali akatafuta kazi nyingine.

Universite hakuingia; feza hakuna, na alama hazikutosha. Basi alitafuta vitabu ambavyo wanafunzi wa kazi ya kujenga walikuwa wanasoma kwa miaka minne, akavisoma peke yake kwa mwaka mmoja. Alisema mwenyewe kwamba mambo mengi hakuyaelewa, na kwamba ugumu mkubwa ulikuwa kukosa mtu wa kuuliza. Hilo liwaambie kitu ninyi mnaonyamaza ninapouliza kama kuna swali.

Halafu kuna habari ya buku. Katika duka la vitabu vya zamani alikuta buku la michoro ya Le Corbusier, arshitekti mkubwa wa Ulaya. Bei ilimshinda. Akalificha chini ya vitabu vingine ili mtu mwingine asilinunue, na akirudi pale analitafuta na kulificha tena, mpaka alipopata feza. Alipolinunua hakulisoma tu. Aliweka karatasi nyembamba juu ya michoro na kuifuata kwa kalamu, mmoja baada ya mwingine, tena na tena, mpaka mkono wake ukajua. Mwaka 1965 akafunga safari: meli mpaka Urusi, kisha treni siku nyingi kupita Siberia, mpaka Ulaya, akitamani kumwona yule mtu mwenyewe. Le Corbusier alikufa tarehe 27 Agosti mwaka ule ule, mbele Ando hajafika Paris. Akaziona nyumba, mwenyewe hakumkuta.

Mwaka 1969 alifungua biro ndogo Osaka. Mwaka 1976 akajenga nyumba iliyomtoa kwa watu, nyumba ya mtaa wa Sumiyoshi. Ni nyembamba sana, upana mita 3 na kitu, urefu karibu mita 14, kuta za beto tupu, na upande wa barabara hakuna dirisha hata moja. Aliigawa mara tatu na sehemu ya katikati akaiacha bila paa. Ukitoka chumba cha kulala kwenda chooni wakati wa mvua unahitaji mwavuli. Watu wa Japani walishangaa sana na wengine wakalaumu. Sisi tusishangae. Hapa kwetu nani ambaye jiko na choo chake haviko nje? Ando alitaka watu wa mjini wasisahau mvua na upepo. Sisi mvua haituachi tuisahau.

Lakini kazi yake ninayotaka hasa mwijue ni kanisa. Liko Ibaraki, karibu na Osaka, na ni kanisa la Waprotestanti kama sisi. Lilimalizika mwaka 1989. Washiriki walikuwa na feza kidogo sana, na ukubwa wake haupiti madarasa mawili makubwa. Ando alifanya sanduku la beto. Sakafu na viti vilifanywa kwa mbao za hali ya chini, zile ambazo waashi wanapandia wakati wa kujenga. Hakuna picha, hakuna dhahabu. Ukuta wa mbele, pale ambapo mngengojea kuona msalaba wa mbao, aliupasua: mpasuko mmoja kutoka juu mpaka chini, mwingine kutoka upande mpaka upande. Ndani kuna giza, na ule mpasuko njo msalaba, umefanywa kwa jua tupu. Asubuhi mwanga wake unatembea juu ya sakafu mpaka miguuni kwa watu.

Yule mtoto aliyeona paa likifunguliwa alikuwa bado yumo ndani ya mtu wa miaka karibu 48.

Sisemi kila kitu chake ni kizuri. Beto tupu bila rangi, hapa kwetu na mvua hii, mwaka wa pili ingekuwa nyeusi kwa ukungu. Lakini angalieni kanisa lenu la kijijini. Kuta ziko, paa liko, na madirisha yamewekwa popote. Hakuna aliyeuliza jua linaingia wapi saa ya ibada. Kuuliza hakuna bei.

Mwaka 1995 Ando alipewa Pritzker, zawadi kubwa kupita zote za maarshitekti, dola 100 000. Mwezi wa kwanza wa mwaka ule tetemeko la nchi lilikuwa limepiga Kobe, karibu na kwao, na kuua watu zaidi ya 6 000. Feza yote aliwapa watoto waliobaki bila wazazi. Miaka miwili baadaye universite ya Tokyo ilimwita awe profesa, mtu ambaye hakuwahi kukaa kwenye benchi za universite yoyote kama mwanafunzi.

Sasa wale watatu wa dortuari ya pili. Ngumi hazikumfanya Ando arshitekti. Kuna mabondia wengi waliobaki na pua iliyovunjika tu. Alipoacha ngumi alibaki na tabia ya kurudia zoezi lile lile kila siku bila kusifiwa na mtu. Hiyo njo aliyoipeleka kwenye michoro. Kama mnapigana usiku na asubuhi hamwezi kurudia hata zoezi moja la jiometri, hamjamfuata.

Tena nisiwadanganye juu ya makaratasi. Leo mtu akitaka kuweka sahihi yake kwenye mpango wa jengo kubwa, ataombwa dipuloma. Njia ya kawaida ni seksio ya ujenzi, kisha shule kubwa kama INBTP ya Kinshasa, na huko wanapima hesabu na fizika bila huruma. Ando alikuwa mmoja katika wengi sana, na Kingelez vilevile. Anayeweza kupita mlangoni apite mlangoni. Lakini kuna anayerudia kalasi, au aliyeandikwa kwenye buku la nidhamu, naye anafikiri mkono wake hauna faida tena. Huyo nataka tumfanyie kama walivyofanya wale wa makumbusho: tumpe karatasi, tukae, tuangalie. Kwa walimu wenzangu naomba jambo moja. Mwanafunzi wa chini akileta kazi nzuri kupita kawaida yake, msiulize kwanza ameiiba wapi. Mwombeni ya pili. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 31, Bezaleli anaitwa kwa jina lake kwa ajili ya kazi ya mikono, na hakuna mahali tunaposoma alama zake.

ZOEZI LA WOTE

Mtafanya maketi ya kalasi yenu, kwa kipimo cha 1 kwa 50. Maana yake kila mita 1 ya kweli ni sentimeta 2 za karto. Kalasi yenye urefu wa mita 8 na upana wa mita 6 itakuwa sentimeta 16 kwa 12. Ukuta wa mita 3 utakuwa sentimeta 6. Mlango wa mita 2 utakuwa sentimeta 4. Pimeni kwanza kalasi yenyewe kwa kamba, msikisie. Kateni na mtu mmoja wa karto, sentimeta 3 na nusu, mumsimamishe ndani. Akiwa mrefu kuliko mlango, mmekosea hesabu.

Paa lisibandikwe, liweze kutoka. Mkimaliza, wekeni maketi nje, mkiielekeza kama kalasi ilivyo. Angalieni saa moja asubuhi, saa sita, na saa kumi jioni, na mwandike kila mara jua limeingia dirisha gani na limefika wapi. Kumbukeni kwamba mstari wa ikweta unapita kati yetu na Kisangani, hivi jua la kwetu linapanda karibu wima. Mtaona wenyewe kwamba madirisha ya mashariki na magharibi yanaingiza joto, na ya kaskazini na kusini yanaingiza mwanga na joto kidogo tu. Kisha zungusheni maketi mpaka mpate upande mzuri. Kalasi ya mwaka wa pili, ambayo inawaka kama tanuru kila saa tisa, ilijengwa ikielekea wapi? Andikeni jibu, na mseme mngebadilisha nini bila kuibomoa.

Karto ziko kwangu, nimeziomba kwenye maduka. Wembe nitawapa wa mwaka wa tano na wa sita tu. Kole hakuna. Pikeni uji mzito wa unga wa muhogo, unashika vizuri, lakini mende wanaupenda, kwa hiyo msiache kazi chini usiku. Yule aliyefuta neno lake, karatasi yake yenye tundu iko ndani ya buku langu la hesabu, aje kuichukua.

Tutaangalia kazi zote Ijumaa ya tatu ya mwezi ujao, saa tisa, ndani ya chumba cha kulia. Kila mmoja aje na kipande kimoja cha karto ambacho hakijakatwa, na makasi yake. Dirisha moja atalikata pale pale, mbele yetu.